Herufi Tatu

Ilishushwa Mtemani juu ya gari la ng'ombe,
imelala ubavu, imefungwa kamba ya makumbi,
na Bwana Shekue nyuma yake anapiga kelele:
"Taratibu! Hilo si kabati la vyombo!"
Lakini lilikuwa kabati. Kabati lenye kioo,
kijiti chenye kirungu chekundu, vifungo vitatu,
na mgongoni kibati cha kiwanda,
jina limeliwa na chumvi, zimebaki nambari tu.

Mimi ndiye niliyeshika tochi
fundi Shazil alipoufungua ule mgongo.
Nimeyaona matumbo yake: vumbi la nchi nyengine,
buibui mkavu, na waya zilizosukwa
kama nywele za mtoto anayependwa.

Ilikula shilingi ishirini, ile ya pembe saba,
ikimeza kwa kikohozi.
Tulijaribu kuidanganya. Tulisaga washa za baskeli
kwenye saruji ya skuli mpaka vidole vikachunika.
Ilizitema.

Mchezo wenyewe? Pembetatu ya mwanga na mawe.
Unalipasua jiwe, linazaa mawe madogo,
kama deni la dukani.
Ukitokea kulia unaingilia kushoto,
ukizama chini unachomoza juu.
Sisi tuliojua kila njia ya Wete inaishia wapi
tulilishangaa hilo kuliko mawe.

Na ukifa vizuri, mashine inakuuliza jina.
Herufi tatu, basi.
Mundhiri akaandika MUN. Hafidhi, HAF.
Sleyum, mwenye makuu, akaandika BOS.
Juu yao wote, kwa arubaini na moja elfu, mia nane na sabini,
palikaa AAA.
Kila Ijumaa alasiri AAA alikuwa amepanda tena.
"Mashine inacheza peke yake," Bwana Shekue alisema,
na Hafidhi akawa anasoma Kulhuwallahu mara tatu
kabla hajatia pesa.

Ijumaa moja nilirudia njiani, kandambili imekatika,
khutba inasikika kwa spika,
na nyuma ya mlango wa bati uliorudishwa nusu
vifungo vinaongea.
Thuwaiba, binti wa fundi cherehani wa pili yake,
ushungi kaufunga kisogoni, uzi mweupe mdomoni.
Hakugeuka.
"Ukisema, nitakushona midomo."
Nikakaa juu ya kreti la soda.
Hakuwa akipigana na mawe, wallahi. Alikuwa akiyapisha,
anatoka huku, anaingia kule,
mikono imetulia kama inayopitisha kitambaa chini ya sindano.
Mwisho akabonyeza mara tatu bila kutazama.
"Si uandike jina lako?"
"Ili alisome nani?"

Ile mashine haikuwa na kichwa cha kuhifadhi.
Fundi aliifungia betri ya lori kwa umeme wa kukatika saa moja, mbili.
Zile siku kumi na moja za giza, betri haikuziweza.
Umeme uliporudi tulijazana mlangoni,
na kioo kikawaka polepole, kijani kwanza, kisha nyeupe:
sifuri, sifuri, sifuri, mistari kumi,
na pembeni ya kila sifuri, AAA.
Ndivyo ilivyotoka kiwandani. Tulishasahau.
Sleyum alikimbia mpaka Limbani.
Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta,
na sikuweza kumwambia mtu nacheka nini.

Nambari yake ninayo bado, kwa penseli,
kwenye daftari la fundi,
baina ya bei ya fyuzi na bei ya risasi ya kulehemu.

Juzi nilimkuta penye kutolea kopi, ana vyeti vya mwanawe,
miwani juu ya paji la uso.
Tuliulizana hali, watu wa nyumbani, mvua.
Mashine ya kopi ilikwama. Kijana akaanza kuipiga ngumi.
Thuwaiba akanyosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja
mara tatu, harakaharaka,
na karatasi ikatoka.